CT scan ya kwanza ilisema hakuna kitu, ya pili nusu ya ubongo imeharibika. Ilikuwaje?

#1 Mtoto_wa_Tatu
Wakuu habari zenu. Naomba wenye ujuzi mnisaidie, jambo hili linaninyima usingizi.

Baba ana miaka 67, presha anayo siku nyingi. Wiki iliyopita alfajiri alikuwa ameketi anavaa viatu, mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, maneno hayatoki. Mdogo wangu alikuwa naye na aliangalia saa palepale: 12:20 asubuhi. Saa 1:30 tulikuwa mapokezi, saa 1:45 baba yuko ndani ya mashine ya CT. Majibu yakaja: hakuna damu iliyovuja, hakuna badiliko la haraka kwenye ubongo. Nikamshukuru Mungu, nikajua ubongo umenusurika.

Kesho yake asubuhi wakarudia. Picha hiyo hata mimi nisiyejua kusoma niliona. Upande wa kulia wa picha kuna eneo kubwa limekuwa jeusi. Sasa nauliza: picha ya kwanza ilikosewa, au mashine haioni? Na kama haioni, kwa nini inapigwa kwanza?

#2 Dada_wa_Zamu
Pole sana ndugu, na baba apone. Nafanya kazi mapokezi ya dharura, wagonjwa wa kiharusi nawapokea kila wiki.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza. CT ile ya mwanzo huwa inapigwa hasa kujua kama kuna damu. Viharusi vingi vinatokana na mshipa kuziba, vilivyobaki ni mshipa kupasuka. Kwa macho mgonjwa ni yuleyule: mkono umelegea, mdomo umepinda. Ukimpa dawa ya kuyeyusha bonge la damu mtu ambaye mshipa umepasuka, unaweza kumuua. Damu mbichi kwenye CT inaonekana nyeupe tangu dakika za mwanzo. Kwa hiyo "hakuna damu" haikuwa na maana kwamba ubongo umepona. Ilikuwa ruhusa ya kuanza dawa. Walimpa?

#3 Kamba_Tatu
CT haioni kiharusi cha kuziba mpaka masaa 24 yapite, hilo linajulikana. Walitakiwa kumpeleka MRI, ile mashine ya sumaku, moja kwa moja. Inaona kila kitu.

#4 Mtoto_wa_Tatu
@Dada_wa_Zamu walimpa, saa 2:35. Kitu kingine ambacho sikusema: ilipofika saa 5 asubuhi baba alinyanyua mkono kidogo, tukafurahi wote. Usiku kama saa 3 ukalegea tena kabisa.

#5 Mpiga_Picha
@Kamba_Tatu hapana mkuu, yote mawili si kweli.

Mimi ndiye ninayemlaza mgonjwa kwenye ile meza, miaka 11 sasa. CT inaweza kuonyesha dalili za kuziba ndani ya masaa 3 hadi 6, wakati mwingine mapema zaidi, ila ni dalili nyepesi mno. Mpaka kati ya sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe ya ubongo unafifia. Ukanda wa insula, ule uliojificha pembeni, unapotea kama mstari wa penseli uliopitiwa na kifutio. Kiini cha lentifomu katikati kinakuwa na ukungu. Mifereji ya juu ya ubongo inabanana kwa sababu tishu imeanza kuvimba. Na mara nyingine mshipa wenyewe unaonekana mweupe kuliko mwenzake wa upande wa pili, kwa sababu ndani yake kuna bonge.

Kuhusu MRI "inaona kila kitu", nitakuja baadaye, nina mgonjwa.

#6 Fundi_Namba
Habari ya weusi na weupe ni habari ya namba, na ukizijua unaelewa kwa nini baba wa mleta uzi alionekana mzima.

Mashine inaipa kila nukta ya picha thamani ya Hounsfield, yaani namba inayosema pale panazuia mionzi kiasi gani. Maji ni 0. Sehemu nyeupe ya ubongo iko kwenye 20 na kitu hadi 30 hivi, ya kijivu inakaribia 40, damu iliyoganda iko kati ya 50 na 80. Mfupa unakwenda mamia mpaka 1000. Sasa ubongo unaokosa damu unaanza kunyonya maji, na kila maji yakiongezeka asilimia 1, thamani inashuka kama 2 au 3 tu. Jicho linatafuta tofauti ya namba 2 kwenye picha ambayo mfupa wa fuvu una 1000. Damu imezidi tishu ya jirani kwa 20 au 30, ndiyo maana inakurukia usoni.

Jina ni la Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya kichwa kwa mashine yake ilikuwa tarehe 1 Oktoba 1971, London, na picha ilikuwa na nukta 80 kwa 80 tu. Mwaka 1979 akapewa Nobeli pamoja na Allan Cormack.

#7 Kamba_Tatu
Fundi umetupa mpaka tarehe ya kuzaliwa mashine. Nimejifunza, endelea. Ila bado sijaridhika. Kama seli zinakufa, kwa nini maji yachelewe?

#8 Daktari_wa_Picha
@Kamba_Tatu umegusa penyewe.

Damu ikikatika, pampu za chumvi kwenye ukuta wa seli zinasimama. Chumvi inaingia ndani, maji yaliyokuwa nje ya seli yanaifuata. Seli inavimba, lakini jumla ya maji kwenye eneo lile haijabadilika, yamehama chumba tu. CT inapima jumla, kwa hiyo mwanzoni haioni kitu. Inaanza kuona pale maji mapya yanapovuja kutoka kwenye mishipa midogo, na hilo linachukua muda. MRI ikitumia mfuatano wa DWI inapima jinsi molekuli za maji zinavyotembea. Maji yaliyobanwa ndani ya seli iliyovimba hayatembei vizuri, kwa hiyo eneo linang'aa ndani ya dakika chache. Uwezo wa kuona mapema ndipo unapotofautiana hapo.

@Mtoto_wa_Tatu, eneo jeusi uliloliona upande wa kulia wa picha liko upande wa kushoto wa baba. Picha za CT zinasomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa ukimtazama. Inalingana na mkono wa kulia na kupoteza maneno.

#9 Mtoto_wa_Tatu
Ahsante daktari. Hilo la kulia na kushoto lilinitesa siku nzima, nilidhani wamepiga kichwa cha mtu mwingine.

#10 Mke_wa_Baharia
Nije na la kwangu kuhusu MRI. Mume wangu alipata kizunguzungu kikali ghafla, anaona vitu viwili viwili, hawezi kusimama. CT safi. MRI ndani ya masaa 5, nayo safi. Tukaambiwa ni sikio. Siku ya 3 MRI ikarudiwa, na kwenye shina la ubongo kuna alama kama punje. Kwa hiyo ndugu #3, hata MRI inaweza kukosa.

#11 Mpiga_Picha
Ndiyo nililotaka kusema, dada amenimalizia. DWI ikikosa, mara nyingi inakosa nyuma kule, kwenye shina la ubongo na serebela (ubongo mdogo wa nyuma), na alama ikiwa ndogo. Kwa CT hali ni mbaya zaidi kule kwa sababu eneo limebanwa na mifupa minene ya masikio, mionzi inachuja na kuacha michirizi juu ya picha. Mgonjwa wa kizunguzungu mwenye CT safi hajathibitishiwa kitu.

#12 Somo_la_Usiku
Mimi ni daktari wa wodini. Wote mnadhani tishu ilikuwa imekufa na picha ikashindwa kuona. Mimi nasema saa 1:45 huenda sehemu kubwa ya tishu ile ilikuwa hai bado.

Ubongo wenye afya hupata damu kama mililita 50 kwa kila gramu 100 kwa dakika. Ikishuka chini ya 20 hivi, seli zinanyamaza: mkono haufanyi kazi, maneno hayaji, ila seli ziko hai. Ikifika 10 na kushuka, pampu zinasimama na kifo kinaanza. Kati ya hizo mbili ndiko kuna eneo linaloitwa penumbra. Mtu amepooza upande mzima na CT iko safi kwa sababu tishu imenyamaza, haijafa. Picha ya kwanza ilisema ukweli. Kilichotokea kati ya saa 1:45 na kesho yake ndicho cha kuulizia.

Ule mkono kupata nafuu saa 5, halafu kulegea usiku, mimi naona kama dawa ilifungua njia na njia ikaziba tena. Au presha ilishuka sana usiku na damu ya njia za pembeni, ile mishipa midogo inayozunguka palipoziba, ikakosa nguvu ya kufika.

#13 Daktari_wa_Picha
Inawezekana, sikatai. Lakini @Somo_la_Usiku usiruke hatua. Kabla ya kusema picha ilisema ukweli, lazima tujue ilisomwaje. Kompyuta inakuruhusu kubana kiwango cha weusi na weupe. Ukiangalia ubongo kwa mpangilio wa kawaida, tofauti ya namba 3 haionekani. Ukibana upana uwe 40 na kati iwe 40, insula iliyofifia inaanza kujitokeza. Nimewahi kurudia picha iliyoandikwa "kawaida" nikaibana hivyo, nikakuta ganglia za chini, vile viini vya ndani ya ubongo, zote zimefifia. Aliyesoma mwanzo hakuwa mzembe. Alikuwa na wagonjwa 9 kwenye foleni na swali aliloulizwa lilikuwa "kuna damu?"

Halafu kuna alama ya ASPECTS, ilitoka Calgary mwaka 2000. Eneo la ateri ya kati ya ubongo linagawanywa sehemu 10, unaanza na 10, kila sehemu iliyofifia unatoa 1. Inakulazimisha uangalie kila kona badala ya kutupa jicho mara moja. Je, ripoti ya baba ina namba hiyo?

#14 Mtoto_wa_Tatu
Nimeitoa ripoti nikaisoma yote, mwanzo nilisoma mstari wa mwisho tu. ASPECTS haipo. Ila kuna mstari katikati, nanukuu: "Ateri ya kati ya kushoto ina mng'ao kidogo, huenda ni chokaa ya ukuta wa mshipa." Halafu hitimisho likaandika hakuna badiliko la haraka. Mng'ao huu ndio ule wa #5?

#15 Mpiga_Picha
Ewaa. Hapo sasa.

#16 Dada_wa_Zamu
Mmh. Mstari huo ungekuwa kwenye hitimisho ningempigia simu daktari palepale.

#17 Fundi_Namba
Hili linapimika. Chokaa kwa kawaida iko juu sana, 130 na kuendelea. Bonge la damu liko 50 hadi 80. Weka alama ndogo juu ya mshipa, mashine inakupa namba. Linganisha na mshipa wa upande wa pili. Kama pande zote mbili zinang'aa sawasawa, basi ni damu nzito tu, mtu mwenye hematokriti ya juu (seli nyekundu nyingi kwenye damu) anaonekana hivyo.

#18 Mpiga_Picha
Nyongeza: uliza unene wa vipande. Ripoti nyingi zinasomwa kwenye vipande vya milimita 5. Bonge dogo linachanganywa na tishu ya jirani ndani ya kipande kinene na mng'ao unafifia. Kwenye vipande vya milimita 1 linaonekana kama kamba. Na chokaa ndogo nayo ikichanganywa inashusha namba mpaka ifanane na bonge. Ndiyo maana vipande vinene vinadanganya pande zote.

#19 Mzee_Kigoda
Salaam. Nawasoma tangu jana. Mimi nina swali la nyumbani: mtu akianguka hivyo, tumpe asprini wakati tunasubiri gari? Naona watu wanasambaza hivyo kwenye simu.

#20 Dada_wa_Zamu
Mzee shikamoo. Hapana, usimpe. Nyumbani hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka, na kama umepasuka asprini inaongeza shida. Isitoshe mgonjwa wa kiharusi anaweza kushindwa kumeza, kidonge kikaingia njia ya hewa. Andika saa ambayo alionekana mzima mara ya mwisho, beba dawa zake zote, nenda.

Na sisi kitu cha kwanza tunapima sukari. Sukari ikishuka sana mtu anaweza kupooza upande mmoja kama kiharusi kabisa, ukimpa sukari ananyanyuka. CT yake safi, na itaendelea kuwa safi. Kuna wa kifafa pia, mkono unalegea baada ya degedege masaa kadhaa. Kuna wa kipandauso.

#21 Mzee_Kigoda
Marahaba binti. Nimeelewa, na nitawaambia nyumbani.

#22 Kamba_Tatu
Saa ya mwisho kuonekana mzima, sasa mtu akiamka nayo je? Alilala mzima saa 4 usiku, ameamka saa 12 amepooza. Masaa 3 ya dawa yamepita.

#23 Somo_la_Usiku
Ni masaa 4 na nusu, si 3. Masaa 3 yalitoka kwenye utafiti wa NINDS wa 1995, ECASS III ya 2008 ikasogeza mpaka 4 na nusu.

Kwa aliyeamka nayo, MRI inatumika kama saa. DWI inang'aa mapema, FLAIR, mfuatano mwingine wa MRI, inachelewa masaa kadhaa. Kama DWI imeng'aa na FLAIR haijang'aa, inaelekea ni ndani ya masaa 4 na nusu. Utafiti wa WAKE-UP wa 2018 uliwapa dawa watu wa namna hiyo na waliopata walipona vizuri zaidi. Siku hizi kwa mshipa mkubwa bonge linavutwa kwa waya, na DAWN na DEFUSE 3, zote za 2018, zilionyesha kuwa waliochaguliwa kwa picha wananufaika mpaka masaa 16 hata 24.

Na hapa ndipo ninapomuuliza mleta uzi: picha ya mishipa kwa kontrasti (dawa ya kung'arisha mishipa) ilipigwa?

#24 Mtoto_wa_Tatu
Haikupigwa. Hatukuambiwa lolote kuhusu kuvuta bonge. Ndiyo mara ya kwanza nalisikia hapa, na moyo umeniuma kulisoma.

#25 Daktari_wa_Picha
Pole ndugu yangu. Sitaki ubebe hilo peke yako. Kuvuta bonge kunahitaji chumba, vifaa na watu, na hospitali nyingi hazina. Lakini picha ya mishipa ingetupa jibu la ubishi wetu wote: mshipa mkuu ulikuwa umeziba saa 1:45 au la. Ramani za mtiririko wa damu nazo zingetenganisha tishu iliyonyamaza na iliyokufa. Bila hizo, mimi na Somo tunabishana juu ya picha moja ya kijivu.

#26 Somo_la_Usiku
Na bado tutabishana. Hata ramani zile zinakosea mapema, kuna wakati zinaonyesha kiini kimekufa na damu ikirudi haraka tishu inapona. Tafiti za 2022 na 2023 za wagonjwa wenye ASPECTS ya 3 hadi 5, waliokuwa wanaambiwa wamechelewa, zilionyesha wengine wananufaika wakivutwa bonge. Weusi kwenye picha tuliupa uzito kupita kiasi.

#27 Shangazi_Hodari
Mimi na hoja tofauti. Dada yangu CT ya siku ya 2 ilikuwa na doa, ya wiki ya 3 doa limepotea. Tukashangilia. Miezi 3 baadaye doa limerudi, jeusi zaidi. Hii nayo ni nini?

#28 Mpiga_Picha
Shangazi, hiyo inajulikana, ni ukungu wa wiki ya 2 na 3. Uvimbe umepungua, seli za kusafisha na mishipa mipya vimeingia, kwa hiyo eneo linarudi kwenye namba ya ubongo wa kawaida kwa muda. Baadaye tishu inasafishwa, panabaki maji. Hakupona na kuugua tena. Damu nayo inafanya kinyume: nyeupe siku za mwanzo, wiki zikienda inafanana na ubongo, mwisho inakuwa nyeusi. Anayeletwa wiki ya 3 CT inaweza kushindwa kusema ilikuwa damu au kuziba.

#29 Kamba_Tatu
Kwa hiyo CT ina siku zake za kusema na siku zake za kunyamaza. Nafuta #3 yangu.

#30 Mtoto_wa_Tatu
Nimerudi. Nimepewa diski yenye vipande vya milimita 1, niliomba kama mlivyonielekeza na hawakusumbua. Kijana wa mashine alipima mbele yangu. Kushoto 58. Kulia 41.

#31 Fundi_Namba
58 siyo chokaa.

#32 Daktari_wa_Picha
Ni bonge. Upande mmoja, na uko upande wa dalili. Lilikuwepo tangu picha ya kwanza.

#33 Somo_la_Usiku
Bonge nakubali. Lakini bonge ni mshipa, si tishu. Kuwepo kwake hakusemi kuwa ubongo ulikuwa umekufa saa 1:45, kunasema ulikuwa hatarini. Na mkono ulinyanyuka saa 5.

#34 Daktari_wa_Picha
Mkono kunyanyuka kidogo kunaweza kuwa njia za pembeni tu, bila bonge kuguswa. Dawa ya kuyeyusha haifanyi vizuri kwa bonge refu kwenye mshipa mkubwa. @Mtoto_wa_Tatu, kwenye vipande hivyohivyo, bana upana 40 na kati 40, uangalie insula ya kushoto. Kama imefifia tayari, Somo atanipa pointi 1. Kama iko safi, namrudishia.

#35 Mtoto_wa_Tatu
Diski iko kwa mdogo wangu, nitaipata kesho. Insula ndiyo ipi hasa? Mnichoree hata kwa maneno.

#36 Mpiga_Picha
Tafuta kipande ambacho unaona pembe za mbele za vyumba vya maji katikati, kama mabawa. Toka hapo nenda pembeni kuelekea sikio. Kabla ya kufika kwenye mfereji mkubwa wa pembeni kuna ukanda mwembamba wa kijivu, umejikunja kama utepe. Linganisha na wa upande wa pili. Usiangalie mmoja peke yake, utadanganyika.

#37 Dada_wa_Zamu
Baba anaendeleaje lakini?

#38 Mtoto_wa_Tatu
Leo amemeza uji wa kijiko bila kukohoa. Maneno bado. Kesho naleta picha ya insula.